Uzito wa Kuazima

Katika bustani ya burudani ya Epcot, jimboni Florida, kuna jengo ambalo watu wazima huingia wakitaniana na kutoka wakishikilia ukuta. Humo ndani hamna reli wala mteremko. Abiria wanne hukaa bega kwa bega kwenye chumba chembamba, chuma cha kuwazuia huwashukia mabegani, mlango hufungwa, na safari ya kwenda Mars huanza. Mchezo huo unaitwa Mission: SPACE, ulifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo umejulikana kwa jambo moja: haubembelezi mtu.

Mimi ukali wake haunishangazi sana. Kumsulubu binadamu kwa mashine ni kazi rahisi, ukishapata mota kubwa na chuma kizito. Hebu tuangalie namba. Nguvu inayomkandamiza abiria pale hufikia mara mbili na nusu ya uzito wake. Mwenye kilo 70 hujisikia ana kilo 175. Mwaka 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, alibanwa kwa takribani mara 11 ya uzito wake chombo kilipokuwa kinarudi kwenye hewa ya dunia. Hata baadhi ya rola kosta huizidi Mission: SPACE, ila kwa sekunde moja tu. Kwa hiyo kazi kubwa imefanyika mahali pengine: katika kuupata uzito huo ndani ya jengo lililosimama palepale, kuuongeza bila abiria kugundua unatoka wapi, na kuuondoa bila kuacha alama. Huo ni ufundi, na una subira ambayo anayepiga kelele kitini hana nafasi ya kuiona.

Kazi yenyewe huanzia sikioni. Ndani kabisa, kwenye mfupa, kila upande wa kichwa una mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, yakakisukuma kizibo laini kilichomo mferejini, na ubongo ukapata habari kwamba tunageuka. Jirani yake kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, vimelala juu ya vinyweleo. Hivyo ndivyo hutambua kama tumesukumwa au tumeinama. Na hapo ndipo fundi alipopata mlango wa kupitia, kwa sababu vijiwe havijui kutofautisha kiti kinachoongeza kasi kwenda mbele na kiti kilichoegemezwa nyuma. Hali zote mbili huvivuta upande uleule. Anayebaki kuamua ni jicho, na jicho la abiria limo mikononi mwa fundi: chumba hakina dirisha, kina skrini.

Mifereji nayo ina pengo lake. Mzunguko wa polepole mno haiuhisi. Wataalamu wa simuleta, yaani mashine za kuiga safari, hukadiria mpaka huo kuwa karibu nyuzi 3 kwa sekunde. Chini ya hapo, mtu aliyefungiwa chumbani anaweza kulazwa chali na asijue. Mapengo haya mawili, la vijiwe na la mifereji, ndiyo mtaji wote wa kazi hii.

Aliyeyatumia mapema kwa mikono ya fundi halisi alikuwa kijana wa Binghamton, New York, jina lake Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, na kijana akakua akiijua mivukuto kwa undani: ngozi yake, vali zake, jinsi inavyonyonywa hewa na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua vitu hivyohivyo vya kinanda akaviweka chini ya kijindege cha mbao chenye mabawa mafupi. Mwanafunzi alipovuta usukani, vali ilifunguka, mvukuto mmoja ukasinyaa, wa pili ukajaa, na kijindege kikainama. Hataza aliyopewa mwaka 1931 inakitaja kifaa hicho kuwa cha kufundishia marubani na pia cha burudani. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya michezo. Jeshi la Marekani lilijivuta mpaka mwaka 1934, marubani wake walipokufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, ndipo likanunua sita. Anayedhani bustani za burudani ziliazima simuleta kutoka jeshini ameigeuza hadithi kichwa chini miguu juu. Na hata Link alikuta njia imekwisha kupitwa: mwaka 1901, kwenye maonyesho ya Buffalo, Frederic Thompson aliwapeleka watu mwezini kwa senti 50, ndani ya chombo cha mabawa ya kupigapiga kilichotikiswa mahali pamoja.

Leo mivukuto imeondoka, zimekuja jeki sita. Hupangwa jozi jozi kwa umbo la herufi V, chini zimefungwa sakafuni, juu zimeshika sahani ya chuma inayobeba chumba. Eric Gough, mhandisi wa kampuni ya matairi ya Dunlop nchini Uingereza, alijenga mashine ya aina hiyo miaka ya 1950 kwa ajili ya kupima matairi. Mwaka 1965 mhandisi mwingine, Stewart, akachapisha makala kuhusu jukwaa la kufundishia marubani, na jina lake ndilo lililoganda. Mwaka 1987 Disneyland ya California ilifungua Star Tours, safari ya kwenye nyota iliyopandishwa juu ya simuleta za kampuni ya Kiingereza ya Rediffusion, watu 40 kwa kila chumba. Jeki sita zikifanya kazi pamoja, chumba husogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Huinama, hulala ubavu, hugeuka. Zaidi ya namna hizo sita hakuna mwendo mwingine duniani.

Tatizo ni urefu wa jeki. Inaweza kunyooka kiasi cha mita moja au zaidi kidogo, halafu inagota. Filamu inasema chombo kimeondoka kwa kasi kuelekea nyota za mbali na bado kinaongeza mwendo. Jeki inasema nimefika mwisho. Kazi ya fundi wa mwendo imo katika pengo hilo.

Fundi huyo hukaa mbele ya filamu iliyohesabiwa picha kwa picha, 24 kwa kila sekunde. Pembeni ana grafu sita, mstari mmoja kwa kila namna ya mwendo. Mara ya kwanza huiacha filamu ipite huku ameshika usukani mdogo mkononi, akiinama inapoinama na kupanda inapopanda, na kompyuta ikinakili. Zao lake ni mistari ya kukwaruzakwaruza. Hapo huanza kuisafisha. Hurudi kwenye kona moja, labda ya sekunde mbili, ambako chombo kinakwepa jiwe. Anatafuta picha ambayo pua ya chombo imeanza kugeuka, anauvuta mstari mpaka mwanzo wa mwendo uiangukie picha hiyohiyo. Kiti kikichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, tumbo la abiria hulalamika kabla akili haijajua kasoro iko wapi. Anaicheza tena. Anapanda kitini mwenyewe, anafunga mkanda, anashuka, anausogeza mstari kidogo, anapanda tena.

Sasa chombo kimewasha injini na hakina mpango wa kupunguza mwendo. Fundi anafanya mambo matatu, na mpangilio wake ni wa kunyang'anyana. Kwanza anakirusha chumba mbele, mrusho mfupi na mkali, jeki zikitumia sehemu ndogo tu ya urefu wake. Abiria anahisi msukumo mgongoni, na huo ni msukumo halisi, hamna kiinimacho bado. Pili, kabla mrusho haujafifia, pua ya chumba inaanza kunyanyuka, taratibu, chini ya zile nyuzi 3 kwa sekunde. Skrini inanyanyuka pamoja na abiria, kwa hiyo jicho halioni kilichobadilika. Uzito wake mwenyewe, ambao sekunde moja iliyopita ulikuwa umekalia matako, sasa umehamia mgongoni kwa sehemu. Chumba kikiegemea nyuzi 20, theluthi moja ya uzito wake inamsukuma kwenye kiti, na kwa kuwa macho yanaona nyota zikipita, ubongo unakubali kwamba huo ni mwendo. Dunia imemkopesha uzito.

Ya tatu ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Chumba kilichosogezwa mbele lazima kirudishwe katikati, la sivyo mrusho unaofuata utakosa pa kwenda. Kirudi haraka, abiria anahisi breki isiyokuwamo kwenye filamu. Kwa hiyo kinarudi kwa kunyata, chini ya kiwango cha kuhisika, huku mtetemo na sauti ya injini vikimshughulisha abiria. Mtu anakwenda nyuma kimwili wakati anaamini anakwenda mbele. Kila msukumo mkali katika safari nzima una marejeo yake ya kimyakimya, na ukizihesabu dakika, chumba hutumia muda mwingi kikirudi kuliko kikienda. Hakuna anayeshuka akausifu mwendo asioujua. Wana mazingaombwe wangemwelewa fundi huyu: mkono mmoja unaonyeshwa, wa pili unafanya kazi.

Ujanja huu una kikomo. Ukimlaza mtu chali kabisa, uzito wote wa mwili uko mgongoni, na hapo deni limefika mwisho: dunia haikopeshi zaidi ya mara moja ya uzito wako. Roketi inadai zaidi. Vyombo vya anga vya Marekani vya aina ya shuttle vilidhibitiwa visivuke mara 3 wakati wa kupaa. Waliotaka abiria wa Epcot auonje mpao huo, si kwa sekunde ya rola kosta bali kwa muda wa kutosha pumzi kubadilika, ilibidi waziache jeki waende kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha.

Mtoto aliyewahi kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa bila tone kumwagika anaijua kanuni yake. Kuifanya iwabebe watu ni habari nyingine. Huko Warminster, Pennsylvania, jeshi la majini la Marekani lilikuwa na mkono wa chuma wa futi 50, karibu mita 15, ulioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wanaanga wa mpango wa Mercury walizungushwa hapo kabla ya kuruka. Kampuni iliyotengeneza mashine za Epcot, Environmental Tectonics Corporation, iko Southampton, katika kaunti hiyohiyo ya Bucks. Hutengeneza pia mashine za kufundishia marubani wa kivita. Epcot zilipelekwa nne. Kila moja ina vyumba kumi kuuzunguka mhimili mmoja, kila chumba viti vinne. Mwanzoni watu 160 waliweza kuwa wanakwenda Mars kwa wakati mmoja.

Mzunguko wenyewe si wa kutisha. Tuseme mkono una urefu wa mita 6: kumfikisha abiria mara mbili na nusu ya uzito wake kunataka mizunguko kama 18 na nusu kwa dakika, yaani mmoja kila sekunde tatu na ushei. Kinachotaka akili ni mwelekeo. Dunia inavuta chini kwa kiasi cha moja. Mzunguko unasukuma nje kwa kiasi cha mbili na robo na zaidi. Zikijumlishwa, nguvu hizo hutoka kwa mshazari, na mshazari huo hubadilika kila kasi inapobadilika. Kwa hiyo chumba nacho lazima kiiname kwa kiasi kilekile, wakati uleule, ili uzito uendelee kuingia kifuani na kutokea mgongoni bila kuyumba pembeni. Mgongo wa abiria huelekea nje, uso ndani. Hapo pia pana hekima ya miili: ukimkandamiza mtu kutoka kichwani kwenda miguuni, damu hukimbia ubongo, macho yakaingia giza. Ukimkandamiza kifuani, damu hubaki karibu na mahali pake. Ndiyo maana wanaanga hupaa wamelala chali.

Fuata basi mpao huo kwa mwendo wa fundi. Chumba kinainuka kwanza, abiria anatazama juu, skrini inaonyesha anga. Bado hakuna mzunguko wa maana. Kuna uzito wa kuazima tu, uleule wa jeki. Kisha ngurumo, mtetemo, na chini ya vitu hivyo viwili mota inaanza kuzungusha. Hapa ndipo palipo hatari ya kugundulika, kwa kuwa mifereji ya sikio huhisi mzunguko unapoanza, na ndipo kelele zote zilipowekwa. Kasi ikishatulia, majimaji ya sikio huukuta mwendo, kizibo hurudi katikati polepole, na baada ya nusu dakika hivi sikio halina tena habari ya kuzunguka. Lililobaki ni uzito. Mashavu yanavutika kuelekea masikioni. Mkono wa kilo 4 umekuwa wa kilo 10, na kitufe kilichokuwa jirani kimekuwa mbali. Pumzi haitaki kuingia kwa kifua, inabidi itafutwe tumboni. Hofu kidogo inapita hapo, na inapita kwa haki.

Halafu injini zinazimwa, na abiria anaelea. Naomba msomaji asimame hapa, maana hapa ufundi umefika kileleni. Katika mashine hiyo hakuna wakati wowote ambapo mtu ana uzito pungufu ya ule aliokuja nao kutoka nyumbani. Haiwezekani, sakafu iko palepale Florida. Kilichotokea ni kwamba sentrifuji imepunguza kasi na chumba kimeinama kwenda mbele, na mwili uliokwisha kuzoea mara mbili na nusu umerudishiwa moja. Mwili haupimi uzito, hupima tofauti. Ukiondolewa mzigo ghafla huhesabu kwamba umeondolewa wote. Muda wote ule wa kukandamizwa ulikuwa maandalizi ya sekunde chache hizi, na ukali ambao watu hulalamikia ndio uliolipia wepesi wanaousimulia. Kupungua kwa kasi nako sikio linakuhisi, safari hii kwa upande wa pili, linadai tunageuka kinyume. Filamu inaliitikia: chombo kinajigeuza angani.

Adui mmoja amebaki, shingo ya abiria. Mtu anayezungushwa akigeuza kichwa kumwangalia mwenzake, mifereji iliyokuwa imetulia inaingia kwenye mzunguko mpya na iliyokuwa kazini inatoka, na ubongo unapokea habari ya kuanguka upande usiokuwapo. Kichefuchefu hakichelewi. Onyo la kutazama mbele na kuegemeza kichwa hutolewa kwa maneno tena na tena, lakini maneno peke yake hayamzuii mtu mwenye wasiwasi. Kwa hiyo chumba chenyewe kimepewa kazi ya kuzuia. Skrini iko karibu na uso. Feni inapuliza hewa usoni. Kila abiria ana cheo, kamanda, rubani, mwelekezaji au mhandisi, na vitufe vya kubonyeza akiambiwa. Asipobonyeza, kompyuta humbonyezea na safari ikaendelea. Watu huvicheka vitufe hivyo kwa kuwa havifanyi kitu. Kwa maoni yangu vinafanya kazi nzito kuliko vyote chumbani: mtu anayesubiri zamu yake ya kubonyeza hageuzi shingo.

Mifuko ya kutapikia ipo pia, na hakuna ufundi utakaoiondoa. Miili si sawa. Mwaka 2005 mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kupanda, na mwaka 2006 mwanamke wa miaka 49. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha mtoto alikuwa na maradhi ya moyo, na mwanamke alivuja damu kwenye ubongo, akiwa na historia ya shinikizo la damu. Mwaka huohuo wa 2006 safari iligawanywa mara mbili: ya rangi ya chungwa kwa wanaotaka kuzungushwa, ya kijani kwa wasiotaka. Katika ile ya kijani sentrifuji haizunguki. Vyumba vinainama na kutikisika tu.

Kwa mafundi, kijani ilikuwa kazi ngumu kuliko inavyosikika. Filamu ilikuwa ileile, ya mpao mkali, kuzunguka mwezi na kutua Mars, iliyotungwa kwa ajili ya mara mbili na nusu, na sasa ilipaswa kuaminika kwa uzito usiozidi mmoja. Ilipotakiwa kukandamiza haikuwa na cha kukandamizia zaidi ya kuegemeza. Mwaka 2017 ilipatiwa filamu yake yenyewe, safari ya kuizunguka dunia. Nauona uamuzi huo kuwa wa kifundi kabisa. Hadithi ilishushwa mpaka ikalingana na kile ambacho kuinama kwa chumba kunaweza kutoa. Chombo kinapita juu ya mabara na bahari, kinainama taratibu, kinarudi kutua. Kipimo cha urefu mlangoni nacho kilishushwa, sentimita 102 badala ya 112 za upande wa chungwa, na watoto ambao zamani walibaki nje wakiwasubiri kaka zao sasa hukaa kiti cha kamanda, chuma kikiwa mabegani, wakisubiri kuambiwa wabonyeze.